Lenzi ya Mkwe wa Bi Fumiyo

Tsurumaki alipomwona bibi kizee kwenye soko la kamera kuukuu la Nakano, kapakata lenzi nzito ya zamani, moyo ulimjaa huruma. Huruma ya Tsurumaki ilikuwa ghali. Aliyeionja alirudi kwake mikono mitupu.

Kazi yake ilikuwa kuwaaminisha wazee kwamba lenzi za kamera za filamu hazikai kwenye kamera za kidijitali. Alizinunua kwa bei ya bakuli la tambi, akawauzia matajiri waliojua kwamba nyingi hukaa vizuri tu.

"Bibi, umebeba jiwe," alisema, akiinama kwa adabu. "Hiyo haiingii kamera za leo hata uibembeleze."

"Mbona nasikia zinaingia?" Bi Fumiyo aliuliza.

"Wanaosema hivyo hawana kamera, bibi yangu. Wana midomo."

"Basi nionyeshe inavyokataa, nikawape wajukuu wachezee."

Kila mnunuzi Nakano huielekeza lenzi kwenye mwanga, achungulie kama ina kuvu. Tsurumaki hakuthubutu, nani hukagua jiwe? Akaipachika kizembe kwenye kamera yake, ile ya kupigia harusi. Alitaka kuigusisha tu. Bibi akamsaidia kuizungusha. Ikalia ka.

Tsurumaki akavuta. Akasokota. Jino la chuma la kale lilikuwa limeng'ata. Wapita njia wakakusanyika, kama watu wa msibani.

"Kijana, ulisema haiingii," bibi alisema taratibu. "Sasa mbona haitoki?"

"Nina harusi saa hii, bibi. Wananingoja hekaluni."

"Nenda, mwanangu. Niachie lenzi yangu tu. Ni ya marehemu mkwe."

"Nitaiachaje, na imeshikana na kamera?"

"Basi inunue."

"Yeni ngapi?"

"Elfu sitini. Ingekuwa haiingii, ningekupa bure."

Umati ukatikisa vichwa: bibi ana haki. Tsurumaki akalipa, akakimbia, akijifariji kwamba matajiri watamrudishia mara tatu.

Hekaluni akaweka jicho kwenye kamera. Maharusi walikuwa mbele yake kabisa, lakini aliwaona kama watu waliomo bafuni, ndani ya mvuke. Kuvu la miaka lilikuwa limejitandaza kwenye kioo.

Mama wa bibi harusi alichungulia picha ya kwanza. "Huu ukungu umetoka wapi, baba? Jua linawaka."

"Huo ndio mtindo wa filamu, mama," Tsurumaki alisema bila kupepesa. "Wenye nazo huulipia zaidi."

Mama akafikiri, akaridhika.

"Sawa. Zimetosha za wenye nazo. Sasa badilisha lenzi, utupige na za kawaida."