Shule Yangu Juu ya Ungo wa Mama

Wenzangu wa darasa la usanifu majengo, leo yamenikuta. Nawaandikia kutoka kwenye mkahawa wa intaneti mjini Songea, na pumba bado zipo kwenye nywele. Msianze kucheka, sijafika hata nusu.

Mnajua mazoezi yangu ya vitendo ni ile shule ya Maposeni. Siku hizi wazazi wanaruhusiwa kufungua sekondari yao wenyewe, kamati ikasema nichore. Wakiikubali, Dokta mhadhiri wetu ananipitisha. Wakiikataa, wanajenga banda refu lile lile la siku zote, na mimi narudia mwaka.

Jamani, naipenda shule ile. Nikifumba macho naiona. Madarasa yamezunguka ua, upepo wa baridi wa Julai unapita juu kwa juu, watoto wamekaa barazani wanaota jua na kusoma. Hata kengele naisikia. Mama aliniambia niangalie maharage, kumbe mimi nipo barazani kule na wanafunzi wangu. (Maharage yaliungua.)

Basi nikatengeneza mfano wa jengo. Kuta za mabua, paa la maboksi. Nyasi za uani nikatumia pumba za mahindi, nimezitia kijani kwa maji ya mchicha. Ubao wa kuusimamishia nilikosa, nikachukua ungo wa mama. (Njia nzima najisifu: vifaa vya mahali, kama tulivyofundishwa.)

Kikao kilikuwa uani kwa mwenyekiti, Mzee Ngonyani. Nikaamkia wazee, nikaweka ungo chini ili wote waone. Dokta kakaa mbele na suti yake. Wazazi wanapiga soga tu, hakuna anayenitazama. Nikaokota kijiti, nikagonga ukingo wa ungo, ko ko ko, ili watulie.

Ninyi wa mjini hamtaelewa. Huku ukigonga ungo wenye pumba, unaowaita si wazazi. Na mimi nimekulia hapa hapa, ungo huo huo nimeugonga kila jioni ya utoto wangu.

Wazazi wakatulia kweli. Nikafumba macho. (Ndiyo, nilifumba.)

"Huu ndio ua. Kengele ikilia, wataingia mbio kutoka kila upande."

Nikasikia miguu midogo inakimbia. Nikasema moyoni, leo ndoto imekolea.

"Watajaa madarasani, na wote watashiba elimu."

Wakacheka. Nikafurahi, nikajua wamenielewa.

"Binti," akauliza Mzee Ngonyani, "na huyo mama yao ndiye mkuu wa shule?"

Nikafumbua macho. Vifaranga wamejaa kidato cha kwanza, wanadonoa. Mtetea kakaa katikati ya ua. Jogoo yuko juu ya paa la maabara, na paa linabonyea. Nikawarukia niwafukuze, nikakanyaga ukingo wa ungo, shule nzima ikapaa ikatua kichwani kwangu. Nyasi zikamwangukia Dokta.

Nilitamani ardhi inimeze. Machozi yalinilenga.

Mzee Ngonyani akajifuta macho kwa kucheka. "Nimewaangalia hao vifaranga. Huku nje walikuwa wanatetemeka na upepo, mle ndani wakatulia. Tujengeeni hiyo."

Dokta akakung'uta suti. "Umefaulu. Ila siku nyingine, fungua macho."

Kwa hiyo nimefaulu, jamani. Tatizo ni kwamba wazazi wameshaipa shule jina, na si la mtakatifu, ni la kuku.