Mfalme wa Mamba Alisahau Kusalimia

Leo nimepata haya, ndugu zangu, haya ya kunifuata mpaka kitandani. Na kilichoniponza ni sheria niliyoitunga minye mwenyewe, kwa bic yangu, mu kaye yangu, daftari la mchezo. (Nilipiga na mstari chini yake. Mara mbili.)

Munajua ule mchezo wetu wa Jumamosi. Tunakaa chini, kila muntu anajifanya mwingine, safari inaendelea kwa maneno, na vita tunaamua kwa kuchota namba. Kitabu chake binamu yangu alinitumia mu telefone. Kimejaa watu warefu wenye masikio ya mbuzi, na wafupi wenye ndevu wanaochimba dhahabu. Dido, mwenzetu wa mchezo, alisoma akakunja uso: «Kaka yangu anachimba dhahabu. Hana ndevu. Iko na vumbi tu.»

Basi nikawafukuza wote. Nikaweka Watu wa Mamba, Watu wa Ukungu wa kule milimani, na Watu wa Ndakala, wadogo kama samaki wenyewe, wale dagaa wa ziwa. Dadu nazo nikatoa, kwa sababu tunachezea mu depo ya vitenge ya Muzee Athumani, babu yake Salima tunayecheza naye, na kwa Muzee dadu ni kamari. Tunachota vifuniko vya chupa mu kifuko, namba moja mpaka ishirini.

Lakini nilichojivunia zaidi ni vita. Kitabu kinasema mwepesi ndiye anapiga kwanza. Minye nikasema hapana! Kwetu ata ugomvi una adabu yake. Mama yangu siku moja alienda kugombana na jirani, wakaulizana kwanza habari za watoto, za shamba, za mgonjwa wa kule Katogota, ndipo matusi yakaanza. Nikaandika: *Anayeshambulia mkubwa bila kumsalimia, zamu yake imekufa, na pigo atakalorudishiwa linahesabiwa mara mbili.*

Sasa leo asubuhi Salima ananiandikia: «Babu anakuja saa kumi kutuangalia. Amesikia tunaita majini. Asipopenda, anafunga depo.»

Akifunga, tutachezea wapi? Kwetu hakuna nafasi. Kwa Dido kuna watoto wanane na mbuzi. Na niseme ukweli: mu ile depo ndipo mahali pekee ambapo siitwi «ule binti aliyemaliza masomo na hana kazi». Pale minye natunga dunia nzima. Niliogopa kabisa.

Nikaamua kumvutia Muzee kwa mchezo wa nguvu. Mfalme wa Mamba wa mdomo wa mto Ruzizi, niliyekuwa bado namtayarisha, mwenye pumzi kumi na nane! Muntu wa kawaida anapewa kumi tu, na namba unayochota inapunguza pumzi za adui. Nilibeba bashe, ile turubai ya kijani ambayo mama anaanikia mahindi, na beseni ya kuvaa kichwani. (Mama hajui. Musimwambie.)

Saa tisa na nusu tulikuwa tunajaribu. Dido tulimtuma mandazi. Mpango: akirudi tu, namrukia, tuone kama inatisha. Nikalala chini ya bashe, beseni imenifunika macho.

Mlango ukafunguka.

«Ingia, nyama yangu!» nikanguruma. «Leo nakula weye na viatu vyako!»

Nikatambaa. Nikamkamata muguu. Nikauma suruali. (Ndiyo, kwa meno. Kazi ni kazi.)

Suruali ilinukia udi. Dido hajapata kunukia udi tangu azaliwe.

«Salima,» sauti ikasema huko juu, polepole, «nani huyu anakula muguu yangu?»

«Ni Zawadi, Babu. Iko… ni mamba.»

«Na mamba hasalimii?»

Mungu wangu! Nilitaka ardhi ipasuke. Meno bado yako ku kitambaa. Pale pale Dido akaingia na mandazi yake, akaona, na badala ya kuniokoa akapiga kelele: «Ameshambulia mkubwa bila salamu! Zamu imekufa!»

«Zamu gani?» Muzee akauliza.

Dido akampa kaye. Muzee akavaa miwani, akasoma sheria yangu yote kwa sauti, bila haraka.

«Nani ameandika?»

«Ni minye, Muzee,» nikajibu toka chini ya bashe.

«Basi zamu ni yangu.»

Akasema bismillahi, akaingiza mukono mu kifuko. Tisa. Nikapumua.

«Mara mbili, Babu,» akasema Salima. (Rafiki yangu huyo!)

Kumi na nane. Muzee akainua fimbo, akagonga beseni: ngwee! Mfalme niliyemtayarisha miezi mitatu amekufa hata hajasalimia muntu mumoja.

Nilitoka na nywele za mahindi kichwani, machozi yako karibu. «Muzee, asalam alekum. Unisamehe. Usifunge depo, nakuomba.»

«Alekum salam.» Akakaa juu ya balo ya vitenge vilivyofungwa pamoja. «Waliniambia munaita majini. Kumbe munafundishana salamu. Na humu, muntu anakuwa wa watu gani?»

«Unachagua mwenyewe, Muzee. Ukichoka, Jumamosi ijayo unabadilisha.»

Muzee akavua miwani. Kuzeeka hapa Uvira ni kuulizwa swali hilo la kabila mara nyingi sana, na hakuna aliyewahi kumwambia achague.

«Unachagua mwenyewe,» akarudia. «Hiyo iko muzuri. Minye ni Ndakala.»

«Babu! Hao ndio wadogo kuliko wote!»

«Ndakala mumoja ni wa paka. Wakiwa wengi wanalemea mutumbwi.»

Alicheza mpaka magharibi. Vita moja tu, masaa mawili, kwa sababu alikataa mamba yeyote apigwe kabla hajaulizwa habari za mama yake. Mandazi yote alikula yeye. Kisha akatoa ufunguo wa depo, akaniwekea mu mukono, minye, siyo Salima, akaenda msikitini na alama za meno yangu ku suruali.

Naomba musinicheke. Na ule atakayeshindwa kujizuia, anisalimie kwanza.