Ombi la Kuhamisha Depo Iliyo Hatua Arobaini Kutoka Mlangoni Pangu

Lubumbashi, tarehe 8 Mei 1992

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Mipango ya Mji

Yahusu: kiwanja cha biashara kilichowekwa karibu mno na watu waaminifu

Bwana Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikijua kwamba mshahara wako, kama pensheni yangu ya reli, bado uko njiani. Ofisi yako imebandika tangazo kwenye ukuta wa ile depo iliyoporwa mwezi wa kumi mwaka jana, hapa Naviundu. Linasema kiwanja kitabaki cha biashara, kwamba mwenyewe, Bwana Muhindo wa Butembo, anarudi kujenga upya, na kwamba mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na tano. Mimi ninalo. Naomba kiwanja hicho kigeuzwe kuwa cha makazi, na depo ipelekwe mbali nasi. Sababu ni hizi.

1. Umbali. Kutoka mlango wangu hadi lango la depo ni hatua arobaini, nimezipima mwenyewe. Asubuhi ile askari walipovunja lango, nilikuwa nanyoa ndevu, upande mmoja tayari. Nikasikia kelele, nikatoka kuuliza kuna nini. Nilikwenda kuuliza tu, Bwana Mkuu, na nikarudi na frigo. Kama depo ingekuwa huko njia ya Kipushi, ningemaliza kunyoa, na hadi leo ningekuwa mtu mwema. Aliyechora ramani ya mji ndiye aliyenifikisha hapa.

2. Madhara kwa wakazi. Tangazo lenu halisemi lolote kuhusu hasara tuliyopata sisi. Frigo ilikataa kupita mlangoni, ikabidi nibomoe ukuta, na mvua za Januari zikaingia sebuleni bila hodi. Mgongo wangu, uliobeba mataruma ya reli miaka thelathini bila kulalamika, uliteguka siku hiyo. Hakuna mtumishi wa serikali aliyekuja kutazama. Umeme wenyewe hauji. Ndani ya frigo tunaweka majembe.

3. Amani ya mtaa. Wafanyabiashara wa jumla wana ujanja wao: viatu vya kushoto husafiri kwa lori moja, vya kulia kwa lori lingine, ili majambazi wa njiani wasipate faida. Siku ile vilikuwa havijaunganishwa. Mimi nilitoka na katoni mbili za kushoto. Za kulia ziko kwa jirani yangu Paulin, ambaye tunaimba naye besi kanisani. Yeye anataka nimpelekee zangu, ati mguu wa kulia ndio unaotangulia. Mimi nasema alete zake, maana namzidi umri. Miezi saba hatusalimiani. Jumapili tunasimama bega kwa bega kwenye kwaya, wote wawili na ndala zilizokatika.

4. Nyumba yangu. Hapa naomba usome polepole. Kwangu Muhindo si mfanyabiashara tu. Yeye ndiye aliyemsimamia binti yetu Léa alipobatizwa. Ni compère wangu. Léa aliposhikwa na surua, Muhindo alishusha mizigo yote kwenye lori lake ili tumfikishe mtoto hospitali. Mke wangu Delphine hajasahau. Tangu siku ya uporaji ananipikia bukari, ugali wetu wa huku, kutoka magunia ya unga niliyobeba depo, anaiweka mezani mbele yangu, anasogeza mboga, anasema: "Kula, Alphonse. Miye siwezi kukula bukari ya bunga ya compère." Kisha anakwenda kula viazi vitamu kwa jirani Hortense. Nimekula peke yangu miezi saba, na bukari ya namna hiyo haishuki kooni. Depo ikifunguliwa, Muhindo atapita mlangoni pangu kila asubuhi. Polisi siwaogopi. Naogopa salamu yake. Naona haya, Bwana Mkuu, na haya haina dawa katika duka lolote la mji huu, hata kabla halijaporwa.

Kwa hiyo naomba, kwanza, kiwanja kiwe cha makazi, na wapewe watu wasio na kitu cha kubebeka. Ikishindikana, depo ihamie mbali huko Kasomeno, au ijengwe ubavuni mwa kambi ya askari, maana wao ndio mafundi wa kufungua malango, na ni haki majaribu yakae karibu na wataalamu. Na kama sheria inakataa hayo yote, basi itangazeni avenue yetu nzima kuwa eneo la biashara, kuanzia tarehe mosi Oktoba 1991. Hapo mambo yatanyooka: frigo, magunia na viatu havitakuwa vimeibwa, vitakuwa vimehamishwa tu kutoka rafu moja hadi nyingine ndani ya eneo lile lile. Mtaani hakuna atakayepinga. Nimewauliza wote, hata Paulin aliitikia kwa kichwa, ingawa hakunisalimu.

Nikitumaini kwamba sahihi yako itatangulia magari ya saruji, nabaki raia wako mtiifu. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, makarani wote, yule mpima viwanja aliyesahau kamba yake kwangu, na mlinzi wa lango, ambaye nasikia amepata mapacha.

Alphonse Mwenze,
mstaafu wa reli, Naviundu

P.S. Tafadhali usifuate hata neno moja la barua hii. Nikiwa bado natafuta bahasha, Muhindo mwenyewe alibisha hodi, kwa miguu, na mfuko mmoja mkononi. Hana pa kulala mpaka depo isimame. Delphine akaniwahi mlangoni: "Ingiya, compère, hapa iko kwako." Leo ni siku ya nne yuko sebuleni. Analala kwenye godoro lake la depo, anakaa kwenye kiti cha ofisi yake, anakunywa chai kwa kikombe chenye jina lake. Hajauliza swali hata moja. Kila tunapompa kitu anakipokea kwa mikono miwili na kusema, "Aksanti, compère." Kiwanja kibaki cha biashara. Pigeni mhuri leo, depo ijengwe haraka, hapo hapo ilipokuwa. Siwezi kushukuriwa tena hata wiki moja.