Kiatu cha Kushoto na Elimu ya Kicheko

Jumatatu, 4 Agosti

Juzi nilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, ukumbini kwa Mama Shamila, Newala. Hakucheka mtu. Naliandika hili bila uchungu; daktari haoni haya kuandika jina la ugonjwa.

Maandalizi hayakuwa na kasoro. Nilisalimu. Nikataja shahada yangu ya falsafa. Nikaanza kueleza maana ya kicheko, kwa kuwa si haki kumtaka mtu afanye jambo asilolijua. Nilikuwa nimefika kwenye aina ya pili ya kicheko pale mama mmoja wa mstari wa mbele aliponikatiza kwa upole. Ni Bi Swaumu, muuza mihogo wa sokoni. Aliniuliza mimi ni nani wao. Nikamjibu kwamba mimi ni mhitimu, tena mmiliki wa steshenari Masasi, yenye mashine ya kutoa kopi. Akasema, "Haya, baba," kama mtu anavyomwitikia mwenye homa.

Nikatoa silaha yangu kuu. Nikasema kwamba Newala, mgeni akiomba maji ya kuoga, huulizwa kwanza kama ana nia ya kuoga mwili wote. Sentensi safi. Haina neno la ziada. Kimya. Kisha Bi Swaumu akauliza kama nimekuja kwa ajili ya lile bomba la maji, maana maji kwao ni ya shida na wamelisubiri sana. Wenzake wakageuza viti kunielekea. Ilinichukua muda kuwathibitishia kwamba sikuja na bomba.

Baada yangu akapanda Mujibu, dereva wa bodaboda kutoka Chiungutwa. Huyu hana shahada wala mpangilio. Alisema tu, "Shikamooni watani zangu, Myao wenu nimefika, ficheni kuku." Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Swaumu alimrushia kandambili. Sioni kilichochekesha. Ni salamu, utambulisho na tahadhari kuhusu mifugo.

Mama Shamila ana nafasi ya mchekeshaji mmoja wa kila Jumamosi. Amenieleza wazi kwamba tarehe 16 nitapanda tena, na Mujibu atapanda, kisha mmoja wetu atabaki na mwingine asirudi. "Profesa," akasema, "watu wangu wakitaka kunyamaza, wananyamaza kwao bure." Nafasi hii nimeiota tangu seminari. Sitaikabidhi kwa mtu wa kuku.

Uamuzi: kosa limo katika hadhira. Hadhira inaweza kurekebishwa.

Dada yangu Ethel anaomba nisahau mambo haya, kwa sababu Jumapili ya tarehe 24 wanakuja wazee kutoka Kagera kumposa. Amesema siku hiyo nivae vizuri, niamkie, ninyamaze. Nimemwambia kila jambo na wakati wake.


Jumatano, 6 Agosti

Ufumbuzi umepatikana. Kicheko huambukiza. Anayehitajika ni mgonjwa wa kwanza.

Nimezungumza na Winfrida, mwalimu wa kwaya. Nitamtolea kopi za nyimbo zote za Krismasi. Yeye ataleta kwaya Newala, wakae katikati ya ukumbi, wacheke nikiinua mkono wa kulia. Aliuliza kicheko kinaanzia sauti gani. Nikafurahi kumpata mtu anayeuliza maswali ya maana.

Mujibu alipita dukani kutoa kopi ya leseni. Akaniamkia vizuri, akasema amesikia nimemchumbia Bi Swaumu kwa ahadi ya bomba. Nimemhudumia bila kutabasamu. Nakala yake ilitoka imepinda. Ni mashine.


Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi ya kwaya, kanisani.

Lazima nikiri kwamba Winfrida ni mtu wa kazi. Amegawanya kicheko katika sauti nne. Soprano huanza, alto hufuata, tenori hujibu, na besi huingia mwishoni kwa "ho" ndefu inayotikisa madirisha. Ni kicheko kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Tatizo ni dogo. Kila kinapokwisha, kwaya yote husema "Amina." Winfrida anasema ni mazoea, hayatoki kwa siku moja.

Tatizo la pili: nzi. Nilipoinua mkono kumfukuza, wakacheka kwa utaratibu kamili, sauti zote nne, huku mimi nikiwa katikati ya kueleza aina ya pili ya kicheko. Baadhi ya wapita njia waliingia kuuliza ibada ni ya nani.

Hata hivyo ni ushindi. Nimesikia watu wakicheka nikiwa mbele yao.


Jumanne, 12 Agosti

Siku ya utafiti. Nimerudi na kiatu kimoja.

Niliarifiwa kwamba watu wa Newala hucheka kuliko kawaida msibani, hasa siku ya kuanua matanga. Leo ilikuwa siku ya kuanua matanga ya mjomba wake Bi Swaumu, mzee aliyekula chumvi nyingi. Nikafunga duka, nikapanda basi la asubuhi. Nilitoa rambirambi zangu, nikapata mkeka pembeni, nikatoa kalamu na karatasi.

Nilichokiona ni hiki. Mujibu alikuwapo, amejifunga khanga mbili na kilemba. Alilia kwa sauti kubwa kwamba marehemu amekwenda na pampu yake ya baiskeli. Akachukua mfuniko wa sufuria kubwa la nyama, akaukalia, akasema haondoki mpaka apewe kipande chenye mfupa. Hakuna aliyemfukuza. Mjane wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu jana, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba uji. Nikaandika: *mfuniko, pampu, sababu haijulikani.*

Bi Swaumu akaja kunikaribisha chakula. Akaniuliza tena lile swali lake la kwanza, safari hii kwa maneno mengine: kwetu ni wapi hasa, na baba yangu alikuwa mtu gani. Nikamjibu kwa usahihi. Baba yangu Mmakua, mama yangu Mmakua, wazaliwa wa Lisekese.

Akaniangalia. Akaiangalia kalamu. Kisha akapaza sauti, uwanja mzima ukamsikia: "Jamani, huyu ni mtani wetu kama Mujibu! Mmakua mzima kakaa kwenye mkeka wetu, anaandika!"

Nilizingirwa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama Wamakua siku hizi wanazikiwa na watu wa kukodi. Mwingine alisema nimeidharau maiti yao. Walinieleza kwamba mtani akija msibani ana kazi: apige kelele, aibe sufuria, amtukane marehemu kwa upendo, awaondoe wafiwa kwenye majonzi. Mtani akikaa kimya, ni kama amesema hawajui. Nikawaeleza kwamba mimi nililelewa seminari tangu mdogo, na kwamba nilikuja kama mtazamaji, jambo linalotambulika katika taaluma nyingi. Walicheka sana. Sikuwa nimemaliza.

Hukumu ikatoka kwa Bi Swaumu. Akanivua kiatu cha kushoto. Akasema hakirudi mpaka nimetania kama mwanadamu. Mujibu, akiwa bado juu ya mfuniko, akasema wangechukua vyote viwili, maana mguu mmoja bado unaweza kuandika.

Ethel alipofungua mlango aliangalia miguu yangu, akaenda kukaa jikoni peke yake. Nilisikia akicheka. Nimeliandika hilo pia, ingawa sampuli ni ndogo.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimefikia msimamo kuhusu kiatu. Ninayo jozi nyingine. Sitaivaa. Kuvaa jozi nyingine ni kukubali kwamba jozi ya kwanza imekwisha, ilhali haijakwisha, imetenganishwa tu. Jumamosi nitapanda jukwaani na kiatu kimoja, nitadai cha pili hadharani kwa hoja, kisha nitaendelea na maana ya kicheko mahali nilipoishia.

Ethel amesema kwa mara ya kwanza katika maisha yake kwamba angependa kuniona jukwaani. Hatimaye elimu imeingia nyumbani.


Jumamosi, 16 Agosti

Ushindi.

Nitaueleza kwa mpangilio. Ukumbi ulijaa. Kwaya katikati, sare za bluu. Mstari wa mbele Bi Swaumu na ukoo wake wote, na mapajani mwake, juu ya kitambaa cheupe, kiatu changu. Kilikuwa kimepakwa rangi. Kilikuwa safi kuliko nilipokuwa nacho mimi.

Mujibu alipanda kwanza. Alifanya vizuri kwa kiwango chake. Kuku walitajwa tena.

Nikapanda. Nilikuwa sijafungua kinywa walipoanza. Niliwasihi watulie. Nikasema nimekuja kudai mali yangu kwa njia ya mantiki. Hoja ya kwanza: kila kiatu kina mwenzake. Hoja ya pili: mwenzake ni hiki hapa, mguuni kwangu. Kwa hiyo kiatu kile ni changu.

Bi Swaumu akasimama. Akasema, "Kama ni chako, kiite kije." Kelele. Nikaeleza kwamba kiatu hakina uwezo wa kusikia. Akajibu kwamba basi kimefuata tabia ya mwenyewe, kwani mwenyewe naye aliitwa matangani afanye kazi yake, hakusikia.

Hapo nilighadhibika. Nakiri. Niliinua mkono wa kulia kukionyesha kiatu, na kwaya, kwa uaminifu wake wote, ikacheka sauti nne. Besi wakamalizia. "Amina." Ukumbi mzima ukaitikia, "Amina." Watu wakawa wanalala juu ya mabega ya jirani zao. Nikapaza sauti kuliko nilivyowahi. Nikasema siwezi kuhukumiwa juu ya adabu na watu ambao mgeni akiomba maji ya kuoga humwuliza kwanza kama ana nia ya kuoga mwili wote.

Sentensi ileile. Sikuongeza wala kupunguza neno. Wiki mbili zilizopita ilizaa kimya. Leo viti vilianguka. Mzee mmoja alitoka nje kupumua, akarudi kwa mwenzake na kumsimulia upya. Vigelegele vilipigwa. Bi Swaumu alijifuta machozi kwa kile kitambaa cheupe, akanijibu, "Nyie Wamakua mna maji ya kuoga mpaka miguu iote mizizi, lakini ulipokuja kwetu tulidhani gunia la makopa ya mihogo limepata miguu!" Nikamwambia kwamba hata gunia la makopa lingeachiwa viatu vyake. Akasema gunia halina shahada. Nikasema shahada haivaliwi mguuni. Akasema, basi kiatu kilipovuliwa ilikuwa wapi?

 Ni mara ya kwanza nimekosa jibu na watu wakanipigia makofi.

Akapanda jukwaani mwenyewe. Akapiga goti, mtu mzima yule, akanivisha kiatu mguuni mbele ya watu wote, akasema, "Mtani amefika. Alichelewa, lakini amefika." Mjane wa mjomba wake alikuwa nyuma yake, anacheka, anashika mbavu tena. Kwa muda mfupi sikufikiri chochote. Sijui kwa nini naliandika hili.

Mama Shamila alisema hapohapo kwamba Jumamosi zote ni zangu. Mujibu hakuonyesha huzuni; kinyume chake, alinikumbatia akaniita mtani mwenzake, akasema zamu yake ilikuwa imekwisha tangu nilipopanda na soksi. Kisha akanirudisha Masasi kwa pikipiki yake, Ethel akiwa kati yetu. Wale wawili walirudia maneno ya Bi Swaumu njia nzima. Namheshimu mtu anayeficha uchungu kiasi hicho.


Jumapili, 17 Agosti

Tathmini, kwa utulivu.

Nini kimebadilika kati ya kushindwa na kushinda? Hadhira ni ileile. Sentensi ni ileile. Msemaji ni yuleyule. Kilichotofautiana ni kiatu. Mguu mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, mwili huinama kidogo, sauti hutoka kifuani kwa pembe tofauti, na sentensi huwafikia wasikilizaji kabla hawajajikinga. Hili ni jambo jipya. Sijaliona limeandikwa mahali popote.

Ethel ana maelezo mengine. Anasema walicheka kwa sababu wamejua mimi ni mtani wao, na mtani ana ruhusa. Ni mawazo ya kawaida, nayaheshimu kama ndugu.

Nimemtumia ujumbe Mama Shamila. Nimeomba kuanzia Jumamosi ijayo Bi Swaumu na ukoo wake wakae mstari wa mwisho, ikiwezekana karibu na mlango, kwa kuwa waliniingilia mara nyingi na kuharibu muundo. Aina ya pili ya kicheko bado haijaelezwa. Ameniuliza kama naumwa.

Na sasa jambo kubwa zaidi. Jumapili ijayo ni posa. Ethel amekuja kunikumbusha, safari hii bila kucheka. Amesema wazee wale wa Kagera wanatoka mbali, hatuna nao utani wa aina yoyote, hawatujui, na hao ndio watakaokuwa wakwe zake maisha yake yote. Amesema mkwe hataniwi. Amenishika mkono aliposema hivyo.

Nimeguswa. Bila kujua, amenieleza hadhira niliyoitafuta muda wote: watu wasiotujua, wasio na mazoea, wasio na mihogo wala madai. Hadhira safi. Vicheko vyao havitaweza kuelezwa kwa jambo lolote isipokuwa elimu.

Hotuba iko tayari. Nitaanza na maana ya kicheko, kisha maji ya kuoga, nikibadilisha Newala kuwa kwao. Winfrida amekubali kuileta kwaya. Kiatu cha kushoto, kikiwa bado kinang'aa kwa rangi ya Bi Swaumu, nimekisukuma chini ya kitanda, ukutani kabisa, Ethel asije akakiona na kunivisha.