Chumba cha Pekee Kisiwani

Jumatatu, 3 Machi
Nimekipata kisiwa! Hakijulikani na yeyote. Nyumba ya wageni moja, chumba kimoja, boti mara moja kwa wiki. Mke wangu ananidai safari tangu tuoane. Ameapa: likizo hii nisipompeleka mahali, atakwenda kwa mama yake, na kurudi ni majaliwa. Tatizo ni kaka yake. Nilinunua baiskeli nyekundu, shemeji akanunua nyekundu. Nilifuga ndevu, zake zikatangulia kurefuka. Akikisikia kisiwa, kimekwenda. Nitanyamaza kama maji ya mtungini.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaja kunywa chai. Akauliza likizo tunakwenda wapi. Kwa nini aulize? Nikamjibu kwamba tunabaki kupaka rangi jikoni. Akajitolea kuja na brashi yake! Mtu haji na brashi bure. Amenusa kitu. Mke wangu akasonya, akabamiza mlango wa chumbani. Sikuweza kumweleza ukweli. Wamenyonya ziwa moja hao.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa wakala wa safari. Kofia ya sufu, miwani ya giza, jua kali. Wakala, mama mwenye macho ya kupekua, akataka jina la msafiri. Hapo akili ikachemka! Nikitoa langu, shemeji akipeleleza atalikuta. Nikatoa la shemeji. Nani hujipeleleza mwenyewe? Akataka na namba ya simu. Nikampa ya shemeji, ili mambo yalingane. Nikalipa. Nikatoka nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Shemeji kaingia bila hodi, akanikumbatia, machozi yakanilowesha kola. Wakala alimpigia simu kuthibitisha safari, akamweleza kwamba aliyelipa ni mzee mwenye ndevu na kofia ya sufu. Shemeji akakiri kwamba miaka yote alinidhania bahili. “Kumbe nyuma ya ndevu hizo kuna mtu, shemeji yangu!” Mke wangu naye analia kwa furaha. Ningesema nini? Nikasema si kitu. Nikakimbilia kwa wakala: jina halibadilishwi, na bila kitambulisho chenye jina hilo hakuna boti. Niliporudi mke wangu akauliza, kwa upole wa kutisha, sisi je, tunakwenda wapi? Nikamwonyesha kopo la rangi.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji na mkewe wamepanda boti. Mke wangu yuko kwa mama yake. Ameagiza kwamba jikoni pawe pamepakwa rangi, ingawa hakusema atarudi lini. Nimelitafakari kosa langu kwa kina. Kosa ni kuchagua jina la mtu anayepokea simu. Basi! Nimegundua kisiwa kingine, kidogo zaidi, cha kumrudisha mke wangu. Leo nimeweka chumba kwa jina na namba ya mama mkwe. Huyo simu hapokei kamwe. Humwachia yeyote aliye karibu naye.