Waraka wa Kuondoa Picha

Idara ya Vyeti iliingia rasmi katika zama za kasi siku ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kwa waraka wa kurasa sita uliobandikwa hadi kwenye mlango wa choo. Waraka ulitangaza kwamba Kamati ya Kuondoa Huduma Zisizo za Lazima, baada ya kukaa siku kumi na moja na kula vizuri, imempata mchawi wa ucheleweshaji. Mchawi mwenyewe alikuwa ule ukurasa unaotokea kompyuta ikiwashwa, wenye picha ya mlima na orodha ya wafanyakazi, ambapo karani hubonyeza jina lake, akaandika neno lake la siri na kuanza kazi.

"Tuna kompyuta arobaini za Linux," Mkurugenzi alisema ukumbini, "na kila moja inapoteza sekunde thelathini kutuonyesha mlima. Nani hapa aliajiriwa kutazama mlima?"

Hakuna aliyejitokeza.

Fundi wa kompyuta, mwanamke mpole aliyejulikana idara nzima kwa jina la Dada Waya, alinyoosha mkono. Alieleza kwamba ile haikuwa picha tu. Ndiyo iliyokuwa ikiwaingiza watu ndani, na ikizimwa kitabaki kioo cheusi kinachotaka kila kitu kiandikwe kwa mkono.

"Sasa Dada Waya," Mkurugenzi alimkatiza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "kwani sisi hatujui kuandika?"

Makofi yakapigwa. Aya ya mwisho ya waraka ilisema kwamba yeyote atakayerudisha picha bila idhini ya maandishi atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Dada Waya alikuwa na wadogo wanne wanaomtegemea, kwa hiyo aliandika amri, akaipeleka kwenye mashine zote, na mlima ukatoweka.

Mafanikio yalionekana papo hapo. Kompyuta zilianza kuwaka kwa sekunde tisa. Mwandishi wa kamati alizipima kwa saa ya mkononi, akajaza jedwali na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Kwamba baada ya hizo sekunde tisa kioo kilikuwa cheusi ti, kikiuliza jina lako na kunyamaza, si jambo lililoihusu kamati, maana jedwali halikuwa na safu yake.

Makarani walizoea kubonyeza. Sasa mashine iliwauliza majina, na majina yao wenyewe ikayakataa. Karani mkuu wa vizazi, mwenye miaka ishirini na sita kazini, aliandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, akajaribu la babu yake, mwishowe akaandika TAFADHALI. Dada Waya alipita meza kwa meza akimnong'oneza kila mmoja jina ambalo mashine ilimjua kwalo. Hata hivyo walioingia walikuta weusi uleule, kwani programu ya vyeti hufunguka kwa madirisha, na madirisha yote yalikwenda na mlima.

Kufikia Alhamisi foleni ilikuwa imetoka nje ya geti. Idara ilitoa taarifa kwamba wananchi wamevutiwa na kasi.

"Dada, nisaidie," binti mmoja alimwambia Dada Waya siku hiyo. "Nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Wanataka cheti cha kuzaliwa leo kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nakuja hapa tangu Jumatatu."

"Cheti chako kimo humu, mdogo wangu. Hakijaenda popote."

"Sasa si unitolee?"

Amri ya kuirudisha picha ilikuwa ya maneno matatu tu. Roho ilimuuma Dada Waya. Aliwaza wadogo zake, akamtazama binti aliyekuwa ameshika bahasha yake kwa mikono miwili, kisha akaivuta kibodi.

"Dada Waya! Ukumbini haraka! Katibu Mkuu wa wizara amekuja kuona mafanikio!" mwandishi wa kamati aliita kutoka mlangoni.

"Nifuate," Dada Waya alimwambia yule binti.

Ukumbini kompyuta ilikuwa imeunganishwa na projekta, na kioo chake kilijaa ukuta mzima. Katibu Mkuu, mama wa maneno machache, aliketi mbele. Mashine iliwaka kwa sekunde tisa. Makofi.

"Haya, ingia tuione kazi," alisema Katibu Mkuu.

Mkurugenzi hakuwa amegusa kompyuta tangu Jumatatu, kwani yeye aliongoza kwa saini. Dada Waya alimnong'oneza jina lake la mashine, Mkurugenzi akaliandika, likakubaliwa. Mashine ikataka neno la siri. Akaandika. Kioo kikabaki kitupu.

"Imekufa hii."

"Haijafa, mheshimiwa. Neno la siri halionekani ukiliandika. Wewe andika tu."

"Dada Waya, mimi siandiki kitu nisichokiona."

Alibonyeza kwa nguvu zaidi. Mashine ikamkatalia, ikarudi mwanzo na kuuliza jina upya. Dada Waya alifungua mdomo, Mkurugenzi akainua kiganja kumnyamazisha. Hapo penye jina aliandika neno lake la siri polepole, herufi moja moja, na safari hii zilionekana, nyeupe, kila moja kubwa kama sahani.

"Mnaona?" aliugeukia ukumbi. "Mashine inataka msimamo."

Waliona. Ukutani paliandikwa: katibumkuuhajuikitu.

Katibu Mkuu alivaa miwani, akasoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Hilo ndilo neno lako la siri?"

"Ni la kamati, mheshimiwa."

"La kwake," wajumbe saba wa kamati walisema kwa pamoja, na huo ulikuwa uamuzi wao wa kwanza kupita bila posho.

"Hakuna neno," alisema Katibu Mkuu. "Niandikie maelezo hapo hapo. Saa tisa naondoka nayo. Si unasema mashine ina kasi?"

Mkurugenzi aliketi mbele ya weusi. Aliandika neno moja, likakataliwa.

"Hapa hapaandikiki, mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna picha."

"Nani aliiondoa?"

Mkurugenzi aliomba karatasi, akaandika idhini ya kurudisha picha kwa mkono wake mwenyewe, akaweka saini. Dada Waya aliisoma hadi mwisho, akaikunja na kuitia mfukoni. Aliandika maneno yake matatu. Mlima ukajaa ukuta mzima. Mkurugenzi alikivuta kiti karibu.

"Samahani, mheshimiwa," Dada Waya alimwambia, huku akimwita binti wa uuguzi. "Kuna mtu mbele yako."

Cheti kilitoka saa nane na dakika hamsini. Mkurugenzi alikuwa amesimama, wa pili kwenye foleni, na nyuma yake watu wa getini walikuwa wameanza kuingia.