Goti Langu na Fainali

Alhamisi, 14 Januari

Leo tumeshinda. Sijui tumeshindaje.

Mimi sioni tangu kuzaliwa, kwa hiyo kwenye besiboli macho yangu ni Mjomba Milcíades. Kazi yake ni moja tu: kunieleza. Gongo la mpigaji likalia pa! Mji wetu wa Baní mzima ukasimama. Mjomba akanibana goti akipayuka: "Mama yangu! Mtazame! Mtazame yule!" Nikamkumbusha kwa adabu kwamba katika uwanja mzima ni mimi peke yangu nisiyeweza kumtazama yule.

Redio nayo huchelewa. Watu wanarukaruka, mtangazaji bado anasifu kahawa.

Jumapili ni fainali. Fainali yangu ya kwanza! Tiketi mbili: yangu na ya msindikizaji. Sikubali kuipoteza kwa kelele za "mama yangu".

Ijumaa, 15 Januari

Nimempata! Nereida wa darasani kwetu, asomaye kwa sauti bila kumeza hata herufi. Nilianza na hali ya hewa, nikapitia historia ya besiboli, nikafika kwenye ombi kengele ikilia. Akakubali, ila akasema mchezo haujui vizuri. Nimemchapia kanuni. Kurasa kumi na moja.

Akabaki Mjomba. Nikamwambia daktari mmoja amesema kelele zinaharibu koo la mtu wa miaka hamsini, heri Jumapili apumzike. Kisha akauliza: "Kwani mwanangu, huwa nakueleza vibaya?" Nikasema la hasha, ni koo tu.

Akaenda kununua ndimu.

Najiona mnyama. Mpango unakwenda vizuri.

Jumapili, 17 Januari

Nereida ni hodari. Hapo ndipo penye balaa. Gongo lilipolia, yeye alikuwa bado kwenye soksi za mrushaji (za buluu, moja imeshuka). Ngoma, matarumbeta, watu wananikanyaga! Nikamuuliza nini, nini? Akasema: "Ngoja basi, nimalize sentensi."

Goti langu lilikuwa baridi. Mjomba hulibana kidogo mpira ukiwa hewani, hulibana sana ukielekea uzioni, huliachia ukidakwa. Miaka sita amefanya hivyo! Sikuwahi kulifikiria hilo.

Awamu ya mwisho, tuko sare. Pa! Nereida akaanza: "Mpigaji, ambaye ni mrefu kiasi..." Mara kutoka nyuma yetu, sauti inayonuka ndimu: "Mama yangu! Mtazame! Mtazame yule!"

Kumbe alijinunulia tiketi ya kusimama.

Nikaruka juu. Mabingwa! Nilijua kabla Nereida hajamfikisha mpigaji kwenye kitenzi. Mjomba akanikumbatia hadi miwani yangu myeusi ikapinda, akaniomba radhi kwa kupiga kelele.

Jumatatu, 18 Januari

Nimelitafakari kosa. Kurasa kumi na moja zilikuwa chache.

Nereida ameomba msimu ujao naye apayuke tu kama Mjomba. Nimekataa. Nimemwongezea kurasa ishirini. Pia nimeandika kanuni za kubana goti, daraja la kwanza hadi la saba, maana Mjomba hubana bila mpangilio wowote.

Mjomba amemshukuru sana yule daktari: ndimu zimemsaidia. Nimemwambia yuko daktari mwingine, wa kupima nguvu za mikono. Mtihani wake wa kubana goti ni Jumamosi.